Asubuhi ya Mke wa Dobi

Siku afisa ustawi wa jamii alipofika kwa dobi mara ya kwanza, alikuta nyumba nzima inanukia sabuni na wanga, na hilo ndilo lililowaponza.

Hakuna aliyekusudia kudanganya. Dobi huyu mtaani walimwita Mkunjo, kwa utani, maana tangu aanze kufua nguo za watu hajawahi kumrudishia mtu shati lenye hata mkunjo mmoja. Alipoambiwa kuwa mtu wa serikali anakuja kumwona mkewe mgonjwa, alifanya kile ambacho angemfanyia mgeni yeyote. Alitandika shuka nyeupe zilizokolea wanga. Yeye na binti yake walimwogesha mama, wakamvalisha gauni lake la bluu, wakamchana nywele, wakamtoa kitandani na kumkalisha kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha. Upande wa kulia wa mwili wake ulikuwa umekufa tangu kiharusi kimpige, kwa hiyo hakuweza kukaa bila kuporomoka. Wakachukua shuka kuukuu, wakaikunja ikawa nyembamba na ndefu, wakamfunga nayo kifuani na kiunoni, fundo likawa nyuma ya kiti. Juu yake wakamtupia mtandio. Asiyejua angeona mama ametulia zake anapunga upepo.

Mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Maneno yake siku hizi yalitoka moja moja, kama mtu anayetoa vyombo kabatini gizani, lakini hili alilisema wazi. "Si… kitandani," alimwambia mumewe. "Mgeni… asinikute… nimelala."

Walichokuwa wanakiomba si pesa. Idara ya ustawi ilikuwa na wahudumu wa nyumbani, wanawake kwa wanaume waliofundishwa kazi, ambao hupelekwa kwa mgonjwa asiyejiweza, wakashinda naye kuanzia asubuhi mpaka saa za shule zinapoisha. Dobi akikaa nyumbani kumwangalia mkewe, hakuna kula. Akienda kazini, lazima binti abaki. Binti alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na sasa alikuwa amebaki kwa muda mrefu kiasi kwamba mwalimu wake wa darasa alituma ujumbe: usajili wa mtihani unafungwa mwisho wa mwezi, na asiyeonekana darasani hasajiliwi. Mhudumu akipatikana, binti anarudi shule. Asipopatikana, basi tena. Habari yote ndiyo hiyo.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi, begi la majalada begani. Alikuwa ametoka kwenye nyumba ambako mzee alilazwa juu ya magunia, na akitoka hapa alikuwa na nyumba nyingine za kwenda kabla jua halijazama. Alivuka kizingiti akavuta pumzi, na pua yake, ambayo kazi ilikuwa imeitesa miaka, ikapumzika.

"Hali ya mgonjwa, mzee?"

"Tunamshukuru Mungu."

Afisa akaandika. Kwetu sisi mtu humshukuru Mungu akiwa amepona na humshukuru akiwa anakata roho, lakini fomu haina nafasi ya kueleza shukrani hiyo ni ya aina gani.

"Anakula mwenyewe?"

"Anakula. Uji anamaliza bakuli zima." Hakusema kijiko kinashikwa na nani.

"Kukaa, anaweza?"

"Si huyo hapo, mama. Amekaa."

"Na mambo ya choo?"

Dobi alimtupia jicho binti yake. Binti akatazama sakafu. Mama akageuza uso dirishani. Yako maswali ambayo mwanamume haulizwi juu ya mkewe mbele ya mtoto wao, na aliyeyaandika kwenye fomu hakufikiria kwamba chumba ni kimoja.

"Hatuna shida hiyo," alisema dobi. "Tunajimudu."

Afisa alitazama kitanda, akatamani ajilaze hapo hata kidogo tu. Akafunga jalada. "Hongereni," alisema kwa dhati. "Laiti nyumba zote ningezikuta hivi."

Dobi alifurahi mpaka jioni.

* * *

Orodha ya waliopangiwa wahudumu ilipobandikwa ubaoni kwenye ofisi ya ustawi, mke wa dobi hakuwemo. Dobi aliisoma kutoka juu mpaka chini, akaisoma tena kutoka chini mpaka juu, kama vile jina lingeona haya na kujitokeza.

Mlinzi wa mlangoni alikuwa na mabenchi mawili na utaratibu wake. "Wenye wagonjwa wasiojiweza, benchi hili. Wengine, lile kule. Wewe mgonjwa wako ni yupi?"

"Ndilo nililokuja kuuliza," alisema dobi.

"Sasa mzee, nitakuweka wapi? Huwezi kukaa katikati."

Dobi akasimama katikati, kofia mkononi, mpaka wenye mabenchi wakaisha. Watu walimtazama shati lake lililopigwa pasi na viatu vilivyong'aa, na mama mmoja mwenye mtoto mlemavu mgongoni akamwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti, kwamba siku hizi hata matajiri wanagombania vya maskini.

Afisa alimkumbuka mara moja. Akafungua jalada. "Anakula mwenyewe. Anakaa mwenyewe. Hana tatizo la choo. Mzee, haya maneno ni yako."

"Ni yangu."

"Basi nikusaidieje?"

"Nilikuwa na mgeni," alisema dobi. "Mgeni amevuka mlango, hujampa hata maji, anakuuliza mkeo anakwendaje choo. Ningesema nini? Nilisema kama mtu anavyosema."

Afisa aliweka kalamu mezani.

"Alikuwa amefungwa," dobi aliendelea, akizungumza na kofia yake. "Pale kwenye kiti. Tulimfunga kwa shuka. Tungefungua angeanguka."

"Amefungwa? Na mimi niko pale?"

"Ulikuwa umekaa naye uso kwa uso."

Afisa alikasirika. Alimkasirikia dobi, halafu akajikasirikia mwenyewe zaidi, kwa sababu alikumbuka ule mtandio ulivyolala vizuri, na alikumbuka kwamba hakuwa amemsogelea yule mama hata kumpa mkono. Chuoni, mwaka wa kwanza kabisa, katika somo lile la utangulizi ambalo wanafunzi hulisikiliza huku wakisinzia, waliambiwa kwamba kazi ya ustawi huanzia pale mhitaji alipo. Yeye alikuwa ameanzia kwenye fomu, akaishia kwenye fomu, akamwacha mhitaji dirishani.

"Mzee, nikwambie ukweli," alisema. "Sheria yetu haimsaidii mtu kwa sababu anajitahidi. Inamsaidia kwa sababu ameshindwa. Na wewe hukuonekana umeshindwa."

"Kwa hiyo ningemwacha achafuke, ningepata?"

Jibu lilikuwa ndiyo, na afisa alilionea aibu ingawa sheria hakuitunga yeye.

"Nitakuja tena Ijumaa," alisema hatimaye. "Nitakuja mapema, kabla hamjaanza chochote. Msimwogeshe, msimtoe kitandani, msitandike. Nataka kuiona asubuhi yenu kama ilivyo. Alama za uhitaji kwenye fomu zikitosha, nasaini mwenyewe na mhudumu anaanza Jumatatu. Zisipotosha, itabidi tusubiri kamati, na kamati inakaa mwezi ujao."

"Mwezi ujao shule itakuwa imefunga usajili."

"Najua. Ndiyo maana nimesema Ijumaa."

* * *

Alhamisi jioni muuza mkaa alipita kuleta mkaa wa pasi. Alikuwa jirani wa siku nyingi, mwanamke mwenye sauti ya kuuzia, na mambo ya serikali aliyajua kwa sababu mama mkwe wake alikuwa anapata mhudumu. Dobi alimsimulia. Muuza mkaa akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mkunjo, wewe ni mtu mzima. Mficha uchi hazai. Sasa sikiliza. Usimbadilishe shuka tangu sasa hivi. Mwache alivyo mpaka huyo mama wa serikali afike. Akifungua mlango, harufu impokee yeye kabla yako. Hapo hata kuuliza hatauliza."

"Mke wangu huyo."

"Ndiyo, na mtoto ni wako. Usiku mmoja tu. Sisi kwetu tulifanya hivyo, na bibi hakufa. Umaskini nao una mavazi yake, baba, ukiuvika suti hautambuliki."

Alipoondoka, dobi alibaki uani akizishika shuka zilizokauka kambani, bila kuzianua. Alikuwa mtu aliyeishi kwa kuondoa uchafu wa wengine. Wakati mkewe ni mzima, yeye alifua na mke alipiga pasi, na walikuwa wakizungumza kupitia mlango ulio wazi siku nzima, mmoja kwenye maji na mwingine kwenye moto. Sasa alikuwa anaambiwa amuuze mke amnunue mtoto. Aliliona hivyo, na hakuona namna nyingine ya kuliona.

Binti alipoingia chumbani na shuka safi mkononi, alimkuta baba yake amesimama mlangoni.

"Iache," alisema dobi.

"Baba, amelowa. Tangu saa kumi amelowa."

"Najua. Iache mpaka kesho."

Binti alimtazama mpaka akaelewa. "Ni kwa ajili ya yule afisa?"

"Ni kwa ajili yako."

"Basi mimi siendi shule. Siendi kwa njia hiyo. Nisome kitabu nikijua mama yangu alilala kwenye mkojo ili mimi nisome?"

"Unadhani mimi napenda?" Dobi alikuwa mtu mpole, na sauti ilipompanda haikujua pa kwenda. "Usiposoma mwaka huu utasoma lini? Utakaa hapa mpaka uzeeke na beseni mkononi? Mama yako hakukuzaa uwe hivyo. Mama yako angetaka…"

"Mama angetaka abadilishwe."

"Mama yako angetaka usome."

"Mimi… nani ameniuliza?"

Wote wawili waligeuka. Mama alikuwa amelala vilevile walivyomwacha, uso umeinama upande, lakini jicho lake lilikuwa wazi na lilikuwa na hasira. Walikuwa wamegombana juu ya kichwa chake kama watu wanaogombania kapu. Dobi aliona aibu iliyomfika mpaka miguuni. Akaja akapiga magoti kando ya kitanda.

"Samahani, mama watoto. Tunakuuliza wewe."

Mama alichukua muda mrefu kuyapanga maneno, na hakuna aliyemsaidia.

"Nibadilisheni," alisema. "Sasa."

Wakambadilisha. Dobi alimwinua, binti akavuta ya zamani na kusukuma mpya, kazi waliyoizoea kiasi cha kuifanya bila kuzungumza. Walipomaliza mama alipumzika kidogo, halafu akasema tena, na hili hawakulielewa.

"Kesho… nyinyi… nje. Mimi na yeye."

* * *

Afisa alifika Ijumaa jua likiwa bado halijapata nguvu. Safari hii hakuingia kama mgeni na dobi hakumpokea kama mgeni, kwa hiyo walisalimiana kwa shida, kila mmoja akitafuta mahali pa kuweka mikono. Chumbani, asubuhi ilikuwa imefanya kazi yake kama inavyofanya kila siku. Shuka safi ya jana haikuwa safi tena, na hakuna aliyepanga iwe hivyo. Beseni lilikuwa tayari, maji ya moto kwenye ndoo, uji umefunikwa juu ya kigoda.

"Haya," alisema afisa, akitoa fomu. "Endeleeni kama kawaida, mimi nitatazama."

Binti akashika kitambaa. Mama akasema, "Hapana."

"Mama?"

"Nje. Na baba."

Dobi akataka kusema neno, mkewe akamtazama, akaliacha. Binti akaweka kitambaa ukingoni mwa beseni. Walipokuwa mlangoni wakasikia mama akimwambia afisa neno moja: "Wewe."

"Mimi nini, mama yangu?"

"Unioshe."

Afisa alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta njia. "Mama, hiyo si kazi yangu. Mimi kazi yangu ni kuona na kuandika."

"Ulikuja," mama alisema. "Uliona. Uliandika." Akapumzika kati ya kila neno, na kila neno lilimfikia afisa peke yake, likakaa. "Sasa… uoshe."

Ofisi ilikuwa na mwongozo, na mwongozo ulisema mtumishi asifanye kazi za ndani za mhitaji. Afisa aliufikiria mwongozo ule. Alifikiria pia mgongo wake, ambao ulikuwa unamsumbua, na nyumba zilizokuwa zinamsubiri. Kisha akavua saa, akaitia kwenye begi, akakunja mikono ya blauzi na kusukuma mlango ukafungika.

Uani, dobi na binti walisimama chini ya kamba za nguo wakiwa hawana la kufanya. Ilikuwa asubuhi yao ya kwanza ya namna hiyo kwa muda mrefu, na hawakujua asubuhi inatumiwaje. Muuza mkaa akapita na gunia lake.

"Mbona mmefukuzwa?"

"Serikali iko ndani," alisema dobi. "Inaosha."

Muuza mkaa alitua gunia asikilize vizuri.

Ndani, afisa alikuwa amegundua kwamba nusu ya mtu ni nzito kuliko mtu mzima. Alimgeuza mama upande mmoja, mkono uliokufa ukabaki chini yake. Akauvuta mkono, mama akaanza kuteleza. Akamkumbatia asianguke, na wakakaa hivyo, shavu kwa shavu, watu wawili wasiojuana, mama amemshika shingo kwa mkono wake mzima kwa nguvu zote. Maji yalimwagika. Blauzi ya afisa ililowa kifuani, na si kwa maji peke yake. Shuka chafu ilikataa kutoka na safi ikakataa kuingia. Mara moja alifungua mdomo kumwita binti aje ashike upande wa pili, na mama akatikisa kichwa. Akaendelea peke yake. Aliosha sehemu ambazo fomu iliziita kwa neno la heshima, akamkausha, akamvalisha, na kumfunga vifungo vya gauni. Kisha akachukua uji, na nusu ya kila kijiko ikarudi kwa upande wa mdomo usiosikia, akawa anafuta na kulisha, anafuta na kulisha, mpaka ulipopoa na bakuli halijafika nusu.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, akihema. Mgongo ulikuwa unamwaka.

"Umechoka?" mama aliuliza.

"Nimechoka, mama."

"Bado mchana… Bado jioni."

"Najua."

"Mtoto wangu," mama alisema. "Kila siku."

Afisa hakusema kwamba anajua. Alijifuta mikono kwenye sketi yake, akavuta fomu, akaiweka juu ya goti. Alianza kusoma swali la kwanza kama alivyozoea, anakula mwenyewe, halafu akasita na kulirekebisha.

"Unakula mwenyewe, mama?"

"Umeona."

"Unaweza kukaa bila kushikwa?"

"Umeona."

Alifika kwenye swali la choo na sauti yake ikapungua. Safari hii mama hakugeuza uso.

"Uliza," alisema.

Afisa akauliza, na mama akamjibu yote, polepole, mara ngapi, na nani, na jinsi mtoto anavyogeuza kichwa ili mama yake asione anavyojikaza. Afisa aliandika kila alichoambiwa. Alama zilipita kiwango. Hakuhitaji hata kuzijumlisha. Akasaini chini, akaandika tarehe na pembeni akaweka neno Jumatatu.

"Tayari, mama. Mhudumu atakuja. Binti anarudi shule."

Ndipo mama akalia. Alikuwa amejizuia wakati wote wa kugeuzwa na kuoshwa na mikono ya mgeni, alijizuia kwenye maswali, na sasa machozi yalimtoka pande zote mbili, ule ulio hai na ule uliokufa. Nje zilisikika sauti za dobi na binti, wamesogea karibu na mlango. Mama aliinua mkono wake mzima ufike usoni, ukaishia kidevuni.

"Nifute," alimwambia afisa. "Wasione."

Afisa alichovya kitambaa kwenye maji yaliyobaki ya uvuguvugu, akamfuta macho, akamfuta mashavu, akamweka sawa mtandio. Alisubiri mpaka mama alipoashiria kwa kichwa kwamba sasa inatosha. Kisha akaenda kufungua mlango, akamwambia binti atafute sare yake.